Gia ndefu, injini ndogo: mwendo wa safari katika magari ya petroli yenye turbo



Mteja akija kuulizia gari dogo la petroli, huanza na CC. Akishajibiwa, huuliza lita moja inakwenda kilomita ngapi. Swali ambalo kwa maoni yangu lingestahili kutangulia haliulizwi kabisa: gari likiwa kwenye gia ya juu kuliko zote, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, yaani RPM yake ni ngapi? Mada yangu inahusu swali hilo. Mfano wangu mkuu ni Volkswagen Polo ya 1.2 TSI, kwa sababu nyingi zimeingia Kenya kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa, na wengi wetu tumeshazifungua boneti.

Mazoea ya kupima gari kwa CC tuliyapata kwenye injini zisizo na turbo. Huko CC ilikuwa kipimo cha haki. Injini ya CC 1300 ya aina hiyo hutoa toki, yaani nguvu ya kusokota, ya nyutoni-mita 120 hivi, na hufikia kilele hicho RPM ikikaribia 4,000. Chini ya hapo huvuta kwa unyonge, kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kuipa gia fupi ili isikwame kwenye mwinuko. Turbo ilibadilisha hesabu hiyo. Polo ya kwanza ya TSI ina CC 1197, nguvu farasi 105 na toki ya nyutoni-mita 175, na toki hiyo yote hupatikana kuanzia RPM 1,500 na kitu hadi kupita 4,000. Zile zilizofuata mwaka 2014 zilishushwa hadi farasi 90 na nyutoni-mita 160, lakini tabia ni ile ile. Ford nao walitoa mwaka 2012 injini ya silinda tatu yenye CC 999 tu, na toki yake ni nyutoni-mita 170 kuanzia RPM 1,400. Injini inayovuta namna hii kutoka chini inaweza kupewa gia ndefu bila kulalamika.

Tuifanye hesabu yenyewe, kwa sababu haihitaji zaidi ya kalamu. Tairi ya Polo, 185/60 R15, huzunguka takriban mara 900 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa. Zidisha idadi hiyo kwa uwiano wa gia ya juu, kisha kwa uwiano wa difu, nawe utapata RPM ya injini. Chukulia viwili hivyo vikizidishwa vinaleta 3.5: injini itazunguka mara 3,150. Vikileta 2.5, itazunguka mara 2,250, na hapo ndipo ilipo Polo ya giaboksi ya DSG ya gia saba, kati ya 2,000 na 2,500. Tofauti ya mizunguko 900 kwa dakika yaonekana ndogo. Ukiibeba kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilomita 480 hivi kwa mwendo huo huo bila kusimama, inakuwa zaidi ya mizunguko robo milioni ambayo pistoni hazikulazimika kuifanya. Kila mmoja una msuguano wake, na msuguano hulipiwa kwa petroli. Kelele nayo hupungua, na dereva hufika akiwa na nguvu ya kuongea.

Kwenye barabara tambarare gari la ukubwa huo, likiwa na abiria wachache, huhitaji kama kilowati 12 tu kushika kilomita 100 kwa saa. Kwa RPM 2,250 hiyo ni toki isiyofika theluthi ya ile iliyopo. Turbo inakuwa karibu imepumzika. Lakini ongeza mwendo hadi kilomita 130, ambao ndio ukomo wa barabara kuu za Ufaransa, na mahitaji yanakaribia mara mbili: kilowati 23 hivi. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, na nguvu ya kuushinda hukua haraka zaidi ya hapo. Ukizidi kusukuma, kompyuta ya injini nyingi za aina hii huongeza petroli kuliko inavyohitajika kuungua, ili kupoza gesi moto inayopita kwenye turbo. Kwa hiyo anayeendesha kama mkimbizi halafu akasema injini ndogo zinakunywa mafuta, amesema kweli kuhusu mguu wake.

Mwinuko ndio unaoonyesha thamani ya turbo. Mlima wa asilimia 5 huongeza kilowati 16 hivi juu ya zile 12. Ili kubaki kwenye RPM 2,250 injini inatakiwa kutoa nyutoni-mita 120 hadi 130. Polo inazo na bado ina akiba. Injini ya CC 1300 isiyo na turbo haina kwa RPM hiyo, hivyo itashusha gia na kupiga kelele hadi kileleni. Tena sisi tunaendesha juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Barabara ya Eldoret hupanda zaidi. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Yenye turbo hurudisha sehemu kubwa kwa kuisukuma hewa ndani, ingawa huamka kwa kuchelewa kidogo, maana turbo sharti izunguke kasi zaidi kufanya kazi ile ile.

Hapa nataka nisisitize jambo ambalo halisemwi vya kutosha kwa wateja wetu. Gia ndefu si ruhusa ya kukanyaga mafuta hadi chini RPM ikiwa 1,400. Katika injini za turbo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mzigo mkubwa kwenye mizunguko midogo unaweza kusababisha mchanganyiko kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche. Kanieneo inayotokea hapo ni kubwa kiasi cha kuvunja pistoni. Matone ya oili yanayopenya ndani ya silinda huchangia, na aina ya viungo vilivyomo kwenye oili ina sehemu yake, kalisi hasa. Ndiyo maana daraja la oili la API SN Plus la mwaka 2018, na API SP la mwaka 2020, yaliwekewa jaribio la tatizo hili. Fundi anayemimina oili yoyote ya bei nafuu kwenye TSI anahatarisha mali ya mtu. Na dereva anayetaka kupita lori kwenye mlima ashushe gia kwanza, RPM ifike 2,500 au 3,000, ndipo akanyage. Mwenye DSG avute kijiti hadi S au achague gia mwenyewe. Kwenye D giaboksi hiyo hukimbilia gia ya juu mapema mno.

Kwa nini hukimbilia? Sehemu ya jibu iko Ulaya. Kipimo cha zamani cha matumizi ya mafuta, NEDC, kiligusa kilomita 120 kwa saa kwa muda mfupi tu, na kwa magari ya gia za mkono kilipanga mapema gia ipi itumike kwenye mwendo gani. Aliyerefusha gia alipata takwimu nzuri kwenye karatasi. Kipimo cha WLTP, kilichoanza kutumika Septemba 2017, hufika kilomita 131 na hukokotoa mabadiliko ya gia kulingana na gari lenyewe. Kinyume chake ni magari ya kei ya Japani, ya CC 660. Hayo hadi mwaka 2000 yalikuwa na ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu za kwao, na gia za mengi yake ni fupi. Suzuki Jimny ya turbo ya kizazi cha JB23 ikifika kilomita 100 injini huwa kwenye elfu nne na zaidi. Ni gari hodari kwenye matope, lakini anayelinunua kwa safari za kila wiki za Mombasa ashauriwe vinginevyo.

Ombi langu kwa mafundi ni kwamba kila gari dogo tunalokagua kabla ya kununuliwa liandikiwe kwenye kadi RPM yake kwenye gia ya juu. Pale ambapo kilomita 100 hairuhusiwi, soma kwenye 80 na uzidishe kwa 1.25. Walimu wa udereva nawaomba muwafundishe wanafunzi kutazama mshale wa RPM kama wanavyotazama ule wa mwendo, na kushusha gia kabla ya mlima, gari likiwa bado lina kasi.