Tembo, Nyasi na Simu ya Mkononi: Mhadhara wa Umma, Ihanja



Naomba kila mwenye simu aitoe mfukoni. Naona Tecno, Itel na Infinix kwa wingi. Majina matatu, mwenyewe mmoja: Transsion ya Shenzhen, China. Sasa iwashe. Kinachoamka humo ndani ni Android, mali ya Google ya Marekani. Mataifa mawili yanayowekeana vikwazo vya teknolojia mmeyashika kiganjani, na yanafanya kazi pamoja kimya kimya. Mei 2019 Marekani iliiingiza Huawei ya China kwenye orodha ya kampuni zisizouziwa teknolojia yake bila kibali, na simu mpya za Huawei zikaanza kutoka bila Play Store ya Google. Mnunuzi wa Kariakoo hakuulizwa.

Tumezoea kusema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Kwa jambo hili methali hiyo inatuponza, maana nyasi hazina kura wala hazimiliki njia. Tanzania inavyo vyote viwili.

Kura nitaigusa kidogo tu. Septemba 2022 huko Bucharest, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilichagua katibu mkuu: Mmarekani Doreen Bogdan-Martin alipata kura 139, Mrusi Rashid Ismailov 25. Vita ya Ukraine ilikuwa na miezi saba. Humo kila nchi mwanachama ina kura moja, na yetu ina uzito uleule wa ile ya Washington.

Njia ya intaneti ndiyo yenye mambo. Februari 2024 Wahouthi wa Yemen waliipiga kombora meli ya mizigo Rubymar. Ikaachwa ikielea, na inaaminika nanga yake ndiyo iliyokata nyaya za intaneti chini ya Bahari ya Shamu, ukiwemo wa SEACOM unaofika Dar es Salaam tangu 2009. Kuunganisha waya ni kazi ya mafundi. Kilichochelewesha ni kibali cha kuingia maji ya Yemen: nchi hiyo ina mamlaka mbili, Aden na Sana'a, na kila moja ilitaka iombwe yenyewe. Miezi ikapita.

Mzigo wetu wa intaneti ukaelemea njia ya kusini. Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka huohuo, nyaya za SEACOM na EASSy zikakatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama hiyo, anayetuma pesa kwa kubonyeza nyota na reli kwa wakala anaweza kuendelea, maana huduma hiyo haihitaji intaneti kwenye simu. Lakini anayeulizia bei ya alizeti kwa WhatsApp anabaki kutazama kialama cha saa cha ujumbe usiotoka, na bado lawama anaubebesha mnara wa kijijini! Waliokwenda kutengeneza walitumia Léon Thévenin, meli ya kampuni ya Kifaransa yenye makao Cape Town, iliyoundwa 1983. Pwani ndefu namna hii kumtegemea bibi wa miaka arobaini na ushee ni aibu yetu sote, si ya Wafaransa.

Sasa tutazame tulicho nacho. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa 2009 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na unaziunganisha nchi jirani zisizo na bahari. Mwaka 2023 waya wa 2Africa nao ulifika Dar es Salaam. Miongoni mwa wabia wake ni Meta ya Marekani na China Mobile. Wanaogombana majukwaani wameweka saini kwenye mkataba mmoja, kwa sababu wote wanahitaji pwani ya kupitia. Anayetuambia tuchague upande, nadhani, hajausoma mkataba huo.

Kutofungamana na upande wowote kwa zama hizi, kwa maoni yangu, ni kuweka masharti wakati wa kutoa leseni ya waya kutua. Vipuri vihifadhiwe Dar es Salaam au Mombasa. Kibali cha meli ya matengenezo kiwe tayari kabla waya haujakatika, na kitolewe kwa siku, si kwa miezi. Mwenye waya aonyeshe mkataba wa kupitisha mzigo wetu njia nyingine pale yake inapokufa. Dar es Salaam ikidai hayo peke yake, mwekezaji anaweza kutishia kuhamia bandari nyingine. Akikuta Kigali, Bujumbura, Lusaka na Lilongwe, za jirani zetu wasio na bahari, zimesaini madai hayohayo, hesabu zake zitabadilika.