Jeddah ya Kale na Roshani Zake

Msafiri anayefika Riyadh huonyeshwa kwanza ngome ya Masmak, jengo la udongo lenye minara, ambako Abdulaziz bin Saud aliutwaa mji huo mnamo Januari 1902. Kisha hupelekwa Diriyah, pembezoni mwa jiji, penye magofu ya At-Turaif, makao ya dola ya kwanza ya Saud, yaliyobomolewa na majeshi ya Ibrahim Pasha mwaka 1818. Yote hayo yanapendeza, lakini mtu aliyekulia Lamu au Unguja huyatazama kwa macho ya mgeni.

Huko Jeddah, takriban kilomita 950 upande wa magharibi, kwenye mwambao wa Bahari ya Shamu, hali ni nyingine. Mtaa wa kale, uitwao Al-Balad, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na vichochoro vyake ni vyembamba kwa ajili ya kivuli. Juu ya vichochoro hivyo yametokeza madirisha makubwa ya mbao zilizonakshiwa, yanayopitisha upepo na kuwasitiri walio ndani. Wenyeji huyaita roshan, neno ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa.

Tangu mwaka 647, Khalifa Uthman bin Affan alipoifanya Jeddah bandari ya Makka, mahujaji wa baharini walishukia hapo, wakiwemo waliotoka pwani ya Afrika Mashariki, na wenye nyumba waliwapangisha vyumba. Nyumba mashuhuri kupita zote ni ya Nassif, iliyoanza kujengwa mwaka 1872 kwa ajili ya mfanyabiashara tajiri Omar Nassif. Husimuliwa kwamba ngazi zake ni pana kiasi cha ngamia kupanda hadi jikoni. Mbele yake umesimama mwarobaini, ambao inasemekana kwa miaka mingi ulikuwa mti pekee mjini.

Mwaka 1947 ukuta wa mji ulivunjwa. Fedha za mafuta zilipoongezeka, familia kubwa zilihamia vitongoji vipya, na vyumba vyao vikakaliwa na wahamiaji kutoka Afrika na Asia, au vikabaki vitupu. Nyumba ya matumbawe haivumilii upweke: chumvi hupanda ukutani, maji ya mvua hupenya darini, na mihimili ya mbao inayofunga kuta huoza. Nyingi zilianguka au kuungua kabla UNESCO haijautambua mtaa huo kuwa urithi wa dunia mwaka 2014. Mwaka 2019, Mwanamfalme Mohammed bin Salman aliidhinisha riyali milioni 50 kuyaokoa majengo 56.

Baadhi ya nyumba zilizofufuliwa sasa ni hoteli na mikahawa. Kuta zimepona, naam, ila mpangaji wa jana hana uwezo wa kulala humo. Hata hivyo, Wazanzibari hawana haraka ya kulaumu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, ni ya rika moja na nyumba ya Nassif, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kuikarabati ikiendelea.

Anayetaka kuizuru Al-Balad na aende baada ya Alasiri, jua linapopungua ukali, maduka yanapofunguliwa tena na wazee kuanza kutoka vibarazani.