Wapagazi hawana kibao

Juma hili nina deni, na nimeona nililipe hadharani. Miaka michache iliyopita, hapa mtaani kwetu Ipuli, ulikatwa mwembe. Ulikuwa mwembe wa siku nyingi, shina lake watu watatu wakishikana mikono hawalizunguki. Mwenye kiwanja alitaka kujenga, na kiwanja ni chake. Mimi sikusema neno. Tena sikuishia kunyamaza, bali nilinunua kuni zake. Ndizo zilizopikia pilau ya harusi ya binti yangu.

Bibi mmoja jirani, aliyekuja kutusaidia jikoni, aliuliza kuni zile zimetoka wapi. Nilipomjibu alitikisa kichwa, akasema: "Mwanangu, umechoma kivuli cha wapagazi." Kisha akaendelea kuchambua mchele. Babu yake alikuwa akimwonyesha mwembe ule na kumwambia kwamba chini yake misafara ilikuwa ikitua mizigo.

Ndugu wasikilizaji, sisi watu wa Tabora hatuna upungufu wa historia. Kilomita chache kutoka mjini, pale Kwihara, ipo nyumba ya makumbusho ya Dakta Livingstone. Mgeni akifika, huko ndiko tunakompeleka. Tunamwambia kwamba Livingstone alikaa hapo mwaka 1872, baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji. Ni kweli. Lakini ni wangapi kati yetu wanaomweleza mgeni kwa nini alikaa hapo muda mrefu hivyo?

Stanley aliondoka Kwihara mwezi Machi kurudi pwani. Livingstone akabaki mpaka Agosti, miezi mitano. Alikuwa anangoja nini? Alikuwa anangoja wapagazi, ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Bila wao, msafiri yule mashuhuri hakuweza kwenda popote. Kwa hiyo nyumba ile, tukiitazama vizuri, ni kumbukumbu ya wapagazi pia, ila majina yao hatuyataji.

Na watu hao walikuwa nani? Wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, waliokwenda kwa hiari yao na kulipwa ujira wa merikani na kaniki. Wengine walikuwa watumwa, na hilo nalo lisifichwe. Mtu alijitwika kama kilo 30 za pembe au vitambaa, na juu yake mkeka wake na chakula chake. Kutoka hapa hadi Bagamoyo ilikuwa safari ya miezi kama mitatu.

Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akina Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo. Katika msafara huo alikuwamo Halima, mpishi wake. Walipofika hapa Unyanyembe walimkuta Mwingereza mmoja, Cameron, akawashauri wauzike mwili huku huku. Walikataa. Wakaendelea na safari, wakafika pwani Februari 1874. Livingstone alizikwa London kwa heshima kubwa. Waliombeba walilipwa ujira wao wakatawanyika. Baadaye zilitengenezwa medali 60 kwa ajili yao, lakini zilipofika Zanzibar wengi hawakuonekana tena. Shukrani ilikuja, lakini ilichelewa.

Msidhani kwamba jambo hili haliwezekani kurekebishwa. Dar es Salaam, Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 inawataja wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza pamoja na askari. Na jina la Kariakoo, ambako watu hununua nyanya na khanga kila siku, limetokana na kikosi cha wapagazi hao hao. Wenzetu wanalo hata jina la soko. Sisi, ambao mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha njia ile, tuna nini?

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO pendekezo kwamba njia hiyo ya kati ya watumwa na pembe iingie katika orodha ya urithi wa dunia, na Kwihara imo. Ni jambo jema. Lakini orodha haizuii shoka. Shoka huzuiwa na jirani.

Sisemi tuache kumtaja Livingstone. Mgeni alikaa kwetu, na mgeni ana haki yake. Ninachosema ni kwamba kila mtaa ulio kando ya njia ile uihesabu miembe yake ya zamani kabla haijaisha. Wazee waulizwe, na vijana wa shule waandike. Kisha chini ya mwembe mmoja tu, tusimamishe kibao cha saruji, kwa Kiswahili na Kinyamwezi, kiseme kwamba hapa walipumzika waliobeba. Gharama yake haizidi ya kreti chache za soda za harusini.

Mimi nimepanda mche wa mwembe pembeni mwa uwanja wangu. Bibi yule alikuja kuutazama, akasema hatakiona kivuli chake. Nami pengine sitakiona. Lakini saruji ya kibao nitaitoa mimi, maana kuni nilizichoma mimi.