Mechi Zisizo na Pointi

Mwezi Februari katika miji ya kaskazini mwa Marekani theluji bado iko barabarani, na watu wanatembea wamejikunja ndani ya makoti yao. Ndipo inapoanza shughuli moja ambayo mgeni huiona kichekesho. Mzee mzima mwenye mvi hufungua gazeti kurasa za nyuma, au husogeza sikio redioni, kutafuta habari za timu yake iliyopiga kambi Florida au Arizona, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwenye kiti alichokalia. Mchezo wenyewe ni besiboli, ule wa gongo na mpira mdogo mgumu, ambao wengi wetu huku tunaujua kwa kuuona kwenye sinema tu.

Kila mwaka timu zote 30 za ligi kuu huhamia kusini kwenye jua, 15 Florida na 15 Arizona. Hukaa huko wiki sita hivi zikijifua na kucheza mechi za kujipima nguvu. Mechi hizo hazina pointi. Ushinde zote au ufungwe zote, ligi ikianza kila timu inaanzia sifuri, na mbele yake kuna mechi 162. Wachezaji wanalijua hilo vizuri sana. Mara nyingi nyota wa timu hucheza kipande cha mwanzo, akavua viatu na kwenda zake kuoga.

Basi huyu aliye mbali anafuata nini? Tusimcheke, maana ugonjwa huo hata sisi tunao. Nimeshasikia vijiweni watu wazima wakikaribia kushikana mashati kwa ajili ya mechi ya kirafiki. Lakini nadhani anayefuatilia kutoka mbali hatafuti matokeo. Anatafuta majina. Nani yupo kambini, nani hayupo, kijana mpya amepangwa wapi, bega la yule mtupaji limepona au bado. Na katika historia ya mchezo huo iko kambi moja ambayo maelfu ya watu waliifuatilia wakiwa mbali kwa ajili ya jina moja, wasijue kama wiki ijayo watalikuta tena gazetini.

Ni kambi ya mwaka 1946. Kwa zaidi ya miaka 50 watu weusi walikuwa wamefungiwa nje ya ligi kubwa za besiboli, wakicheza katika ligi zao wenyewe. Oktoba 1945 bwana mmoja aitwaye Branch Rickey, mkuu wa klabu ya Brooklyn Dodgers, akamsajili Jackie Robinson, kijana mweusi aliyekuwa afisa wa jeshi wakati wa vita. Hakumpeleka Brooklyn moja kwa moja. Alimpeleka Montreal Royals, timu ya Canada iliyokuwa chini ya Dodgers, akapimwe huko kwanza. Sasa kambi ya Montreal ilikuwa wapi? Florida, ambako sheria ilitenganisha rangi kuanzia viti vya basi hadi bomba la maji ya kunywa.

Robinson alikuwa ameoa wiki chache tu zilizopita. Yeye na mkewe Rachel wakapanda ndege kutoka Los Angeles, na mama yake Robinson akawafungia kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha ndani ya boksi la viatu. Bibi arusi aliona aibu kubeba kifurushi kile. Walipofika New Orleans waliondolewa kwenye safari, na mkahawa wa uwanja wa ndege ukakataa kuwahudumia. Boksi la mama ndilo lililowaokoa na njaa. Ndege iliyofuata iliwashusha Pensacola na viti vyao wakapewa wazungu. Wakamalizia kwa basi, na humo nako wakaamriwa kurudi viti vya nyuma. Walifika kambini wamechelewa na wamechoka, na Robinson alikuwa na hasira kiasi cha kutaka kurudi kwao.

Waliowapokea walikuwa watu wa Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi lililotoka mara moja kwa wiki: mwandishi Wendell Smith na mpiga picha Billy Rowe. Miaka hiyo gazeti hilo lilipita nakala 300,000, na wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala walisaidia kulisambaza hadi miji ya mbali. Smith ndiye aliyempendekeza Robinson kwa Rickey. Tena, tuseme kweli, Rickey alikuwa akimlipa dola 50 kwa wiki ili amtunze mchezaji huyo na kumtafutia malazi. Leo tungemhoji mwandishi wa namna hiyo. Mimi simlaumu. Katika mji ambao hoteli zake hazipokei mtu mweusi, nani mwingine angekwenda kubisha hodi nyumba kwa nyumba?

Mazoezi yalianzia mji wa Sanford. Baada ya siku mbili ikaja habari kwamba wazungu wa mji ule hawawataki, wakaondolewa haraka kurudishwa Daytona Beach. Huko Robinson alilala kwenye nyumba ya familia ya watu weusi huku wenzake wazungu wakilala hotelini. Jacksonville walikuta uwanja umefungwa na mechi imefutwa. DeLand waliambiwa mechi haiwezekani kwa sababu taa za uwanja ni mbovu, na mechi yenyewe ilipangwa kuchezwa mchana! Walipojaribu kurudi Sanford mwezi Aprili, mchezo ukiwa umekwisha kuanza, mkuu wa polisi alikuja kuamuru Robinson atolewe.

Sasa jiweke mahali pa msomaji wa Pittsburgh au Chicago. Hawezi kwenda Florida, na hata angeweza asingependa. Anasubiri gazeti la wiki. Linapofika anasoma kwamba Robinson ameumia mkono kwa kutupa mno siku za mwanzo, amehamishwa nafasi yake, na kwenye kupiga bado anahangaika. Machi 17 Montreal ilicheza na Dodgers wenyewe pale Daytona mbele ya watu wapatao 4,000, watu weusi wakiwa wamebanana kwenye sehemu waliyotengewa. Ilikuwa siku ya kihistoria, na Robinson hakupata hata pigo moja zuri.

Kwa kijana mwingine yeyote hilo si neno, maana kambi ni ya kujaribu. Kwake kila gongo lililokosa mpira liligeuzwa ushahidi na wale waliokuwa wamekwisha kusema mtu mweusi haliwezi daraja lile. Mechi haikuwa na pointi, lakini kwa msomaji yule wa mbali hakuna mechi ya ligi iliyopata kuwa nzito kama ile.

Ligi ilianza Aprili 18 mjini Jersey City. Robinson alipata mapigo manne mazuri katika zamu tano, moja likavuka uzio kabisa, akaiba vituo viwili, na Montreal ikashinda 14 kwa 1. Mwaka uliofuata Rickey aliikwepa Florida, akapeleka timu zake Havana, Cuba, ingawa hata kule wachezaji weusi walilazwa hoteli ya mbali na wenzao. Aprili 15, 1947 Robinson akaingia uwanjani na jezi ya Brooklyn. Uwanja ule wa Daytona leo unaitwa kwa jina lake.

Kulikuwa na jina la pili. Mtupaji John Wright, naye mweusi, alikuwa pamoja na Robinson tangu Sanford na alifukuzwa pamoja naye. Wasomaji walilitafuta jina lake pia wiki baada ya wiki. Montreal ilimtumia mara chache, ikamshusha timu ya daraja la chini, na mwaka 1947 alirudi kwenye ligi za watu weusi. Uwanja wenye jina lake sijausikia.

Dodgers walihamia Los Angeles mwaka 1958, na kambi yao sasa iko Glendale, Arizona. Mwaka 2022 klabu hiyo hiyo iliwasajili vijana wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wakaanzie timu za chini kabisa. Mechi za kambini huko Arizona huanza kama saa saba mchana. Saa hiyo Kampala ni saa tano usiku.