Karamu ya Mto Ulúa

Msikilizaji, ukialikwa karamuni, chombo unachoandaliwa hukueleza mwenye nyumba anakuweka daraja gani. Jambo hilo walilijua vizuri watu wa bonde la mto Ulúa, kaskazini-magharibi mwa Honduras, majirani wa Wamaya. Kati ya mwaka 600 na 900 hivi baada ya Kristo, mafundi wao walichonga vyombo vya marumaru, vimesimama wima mfano wa kopo, vimezungukwa na nakshi za misokoto, na vishikio vyake vina sura za wanyama.

Chuma hawakuwa nacho. Walilikomba jiwe zima ndani mpaka likabaki ganda, kwa zana za mawe, mchanga na subira. Hakuna anayejitesa hivyo kwa kikombe cha maji ya shambani! Wataalamu wanavihesabu kuwa vyombo vya ibada na karamu za wakubwa. Na bonde lile lilisifika kwa kakao: mahali paitwapo Puerto Escondido, mabaki ya kakao yamegunduliwa kwenye vyungu vya miaka 3,000 na zaidi iliyopita. Wakubwa wa Kimaya walikipenda kinywaji hicho kikiwa na povu, wakikimimina kutoka juu, chombo hadi chombo, kama muuza chai anavyopooza chai.

Mwaka 2007 Christina Luke na Robert Tykot walichapisha uchunguzi wao wa marumaru hiyo, nao ukaelekeza Travesía, mji mmoja wa bonde hilo, kuwa ndiko kwenye karakana. Lakini vyombo vimefukuliwa hata Altun Ha, Belize, na Uaxactún, Guatemala. Kwa maoni yangu, havikwenda huko kama bidhaa ya sokoni, bali kama zawadi za kufungia urafiki.

Ninasema kwa maoni yangu, kwa sababu ushahidi umeibwa. Vyombo vingi vilivyomo kwenye makabati ya nje vilichimbwa na wezi. Mwizi huchukua jiwe, akatupa habari zake: lilikuwa kaburini au nyumbani, na kando yake palikuwa na nini. Likisuguliwa ling'ae kwa mnunuzi, hata masalio ya kinywaji huondoka.

Mwaka 2004 Honduras na Marekani zilitia saini mapatano ya kuzuia vitu hivyo vya kale kuingizwa Marekani bila kibali. Ni hatua njema. Lakini afisa forodha akikamata chombo na kukirudisha Honduras, hakuna wa kumwambia kilichimbwa kijiji gani.