Maneno ya Katibu kikaoni: mbegu ya muhogo na simu

Ndugu wanachama, kabla mvua hazijaanza hapa Mpanda, tuangalie mbegu ya muhogo. Michirizi kahawia huozesha mizizi ardhini huku shina likionekana zima. Ukigawa pingili zake, umemgawia jirani hasara ya msimu mzima.

Ipo programu ya simu, Nuru, ya Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na watafiti wa IITA. Ilifundishwa kwa picha za majani ya muhogo, zikiwemo za mashamba ya Tanzania. Elekeza kamera kwenye jani, inataja ugonjwa, hata pasipo mtandao. Anza na majani ya chini. Mzizi haiuoni, na hukosea, kwa hiyo afisa ugani aitwe.

Mwenye simu janja akague na shamba la asiye nayo. Asidai hela, huu si mradi.

Katibu wa Tawi