MAZUNGUMZO: SAUTI ILIYOREKODIWA KWA MWANAFUNZI ASIYEWEZA KUSEMA
Mafunzo kutoka nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, Mkoa wa Kigoma



Mazungumzo haya yanahusu mwanafunzi aliyemo darasani, mwenye masikio yanayosikia na akili inayofahamu, lakini ulimi wake hautii. Mwalimu anapoita majina asubuhi, wenzake huitikia mmoja mmoja. Jina lake likifikiwa darasa hunyamaza, na mwenzake wa jirani husema kwa niaba yake: "Yupo." Siku hiyo nzima huenda asiulizwe tena neno. Mwisho wa mwaka huandikwa kuwa hakujifunza kitu, ingawa hakuna aliyepata njia ya kumuuliza alichojifunza.

Njia ipo, na si ghali kama inavyodhaniwa. Ni kifaa kidogo chenye kitufe kimoja kikubwa, kinachonasa maneno machache ya mtu na kuyatoa tena kila kinapobonyezwa. Katika nchi za Ulaya na Marekani vifaa hivi vimekuwamo maskulini kwa miaka mingi, na vinatengenezwa kwa namna mbalimbali. Kipo cha ujumbe mmoja, kipo kinachotoa ujumbe kwa mfululizo, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kipo chenye vyumba tisa na zaidi, kila chumba na picha yake. Undani wake hauna siri. Ni kijipande cha elektroniki cha aina ileile inayotiwa katika kadi za sikukuu zinazoimba zikifunguliwa. Mathalan kile kiitwacho ISD1820 hunasa sauti kwa sekunde 8 hadi 20, hutumia umeme mdogo wa betri mbili au tatu za kawaida, na hata betri zikitolewa maneno yaliyomo hayafutiki. Fundi wa redio anayejua kushika kichomea risasi anaweza kukiunganisha na spika ndogo na kitufe, akakitia ndani ya kisanduku cha mbao au cha plastiki.

Huenda baadhi ya wasikilizaji wakajiuliza kwa nini mfano utolewe Kigoma badala ya Unguja au Pemba. Sababu ni kwamba hali ya kule inaonesha kwa uwazi zaidi jambo ambalo hapa Visiwani hufichwa na ukaribu wa huduma.

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Mwaka 2012 ziligawanywa, Kakonko ikatoka Kibondo na Buhigwe ikatoka Kasulu. Wakazi wake wengi ni Waha, wakulima wa maharage, mahindi, mihogo na migomba, na watoto wengi hutembea mwendo mrefu kufika skuli. Kwa miaka mingi umeme wa miji ile ulitoka katika mitambo ya dizeli, na ni tangu mwaka 2022 ndipo mkoa ulipoanza kupata umeme wa Gridi ya Taifa. Nguzo ya umeme kufika makao makuu ya wilaya ni jambo moja, na kufika darasani kijijini ni jambo jingine. Kwa hiyo kifaa chochote kinachotaka kuchomekwa ukutani kila usiku kinaanza na kasoro. Hiki cha betri hakitaki ukuta.

Lipo pia jambo la maradhi. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiongoza Tanzania Bara, ambapo takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Zanzibar, kwa wakati huohuo, ilikuwa chini ya asilimia moja. Malaria ikipanda kichwani haiishi siku mtoto anaporuhusiwa kutoka hospitali. Watafiti wa Kilifi, nchini Kenya, walieleza mwaka 2005 kuwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliopona malaria ya kichwa alibaki na upungufu fulani wa ubongo, na kusema ni miongoni mwa mambo yanayoathirika. Wako pia waliozaliwa kwa uchungu uliochukua muda mrefu, walioshikwa na manjano kali katika siku za mwanzo, au waliougua homa ya uti wa mgongo. Hao ni miongoni mwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Wapo kila mahali, hata hapa Visiwani, na baadhi yao wamo ndani ya nyumba na hawajawahi kufikishwa skuli.

Kasulu ina sifa yake katika habari za wanafunzi wenye ulemavu. Skuli ya msingi ya Kabanga imekuwa ikipokea watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino pamoja na watoto wengine. Jina lake lilienea zaidi kuanzia mwaka 2008, pale Serikali ilipolazimika kuwakusanya humo watoto wenye ualbino waliokuwa wakiwindwa na wauaji. Ulinzi ule ulikuwa wa lazima, wala haufai kubezwa. Hata hivyo, mtoto anapolindwa kwa ukuta hubaki na haja ya kusikilizwa, na haja hiyo haikidhiwi na ukuta.

Aidha, watu wa nyanda zile si wageni wa sauti inayosema bila ya mwenyewe kuwapo. Mwaka 1995 ilianzishwa Radio Kwizera huko Ngara, chini ya shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, na matangazo yake yaliwafikia wakimbizi na wenyeji hadi Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita, na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoanza kuingia kwa wingi. Watu waliotengana na jamaa zao wanajua thamani ya ujumbe mfupi kuliko mtu mwingine yeyote. Mzee aliyekaa kambini akisubiri neno moja kutoka kwa mwanawe hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtoto asiyesema apewe neno moja la kuanzia.

Sasa linakuja suala lenye uzito zaidi, nalo ni maneno gani yatiwe ndani.

Desturi ya watu wazima ni kumtilia mtoto maneno ya kuomba: "Naomba maji." "Naomba kwenda chooni." Haya yanafaa, na la pili linamwokoa na aibu kubwa. Lakini mtoto aliyepewa maneno ya kuomba tu amefanywa mwombaji. Apewe na neno la kukataa. "Sitaki." "Acha, unaniumiza." Mwanafunzi asiyeweza kusema ndiye anayedhulumiwa kwa urahisi kuliko wote, kwa kuwa aliyemdhulumu anajua hatasemwa. Neno la kukataa linalosikika hadi mlango wa pili ni kinga ya kweli. Apewe pia maneno ya kushiriki. Kwenye mahudhurio, "Nipo, mwalimu." Kwenye hadithi, kile kiitikio kinachorudiwa, ili darasa zima lilazimike kumngoja yeye. Kwenye mchezo wa mbio, "Moja, mbili, tatu, haya!" Mtoto aliyekuwa akiachwa pembeni ya uwanja huwa ndiye anayeamuru wenzake waondoke, na wenzake humkumbuka siku ya pili hata kabla ya mwalimu.

Matumizi mengine, ambayo pengine ndiyo mazuri kuliko yote, ni kupeleka habari kati ya nyumba na skuli. Asubuhi mama ananasa: "Jana tulikwenda sokoni na bibi, mbuzi akala mkeka wa watu." Mtoto anafika darasani na habari yake mwenyewe, anabonyeza, darasa linacheka, linauliza. Jioni mwalimu ananasa jambo moja lililotokea skuli, na baba anaambiwa na mwanawe, wala si na barua. Kazi hiyo ni ya nusu dakika, lakini lazima ifanywe kila siku, kwani habari ya juzi haimpendezi mtu.

Kuhusu lugha, Kasulu na Kibondo zina funzo. Mtoto wa Kiha husikia Kiha nyumbani na Kiswahili skuli. Kambini palikuwa na Kirundi, Kiswahili cha Kongo na Kifaransa cha vitabu, kwa sababu watoto wa wakimbizi walifuata mitaala ya nchi walizotoka. Kifaa kilichonunuliwa kikiwa na maneno yake tayari, tena ya Kiingereza, kingekuwa mzigo tu huko. Kilicho kitupu hukubali lugha yoyote anayoijua atakayekisemea. Asubuhi kitasema salamu ya Kiha kwa bibi, na saa mbili kitasema Kiswahili kwa mwalimu. Hapa kwetu mtoto wa Makunduchi au wa Tumbatu asemewe kama wanavyosema watu wa kwao, si kama msomaji wa taarifa ya habari. Tena sauti iwe ya mtoto mwenziwe, wa umri na jinsia yake. Msichana wa miaka minane anayetoa sauti nzito ya mwalimu mkuu atachekwa, na akichekwa mara mbili hatabonyeza tena.

Wazazi huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama kifaa hakitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Jambo hili limechunguzwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2006 yalizipima habari za watu 27 wenye ulemavu wa ukuaji zilizokuwa na ushahidi imara. Hapakuonekana hata mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa sababu ya kupewa njia nyingine ya mawasiliano. Asilimia 89 waliongeza kusema, ingawa kwa wengi ongezeko lilikuwa dogo, na waliobaki hawakubadilika. Basi mzazi asiahidiwe kuwa mwanawe atasema. Aambiwe kwamba hatapoteza.

Kosa jingine ni kumngojesha mtoto hadi "awe tayari". Mtoto mchanga husemeshwa tangu siku ya kwanza, wala hapana anayengoja ajue maneno ndipo asemeshwe. Huyu naye aanze na kitufe kimoja leo. Asipoweza kubonyeza kwa mkono, kiwekwe penye kiwiko, goti au shavu, mahali popote anapoweza kupatawala. Na akishabonyeza, angojewe. Baadhi ya watoto hawa huhitaji muda mrefu kuukusanya mwili kwa tendo moja, na mwalimu mwenye haraka hujibu mwenyewe kabla ya kidole hakijafika. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia.

Pasipo na kifaa, simu ndogo yenye kinasa sauti inaweza kufanya baadhi ya kazi hizo, ila vitufe vyake ni vidogo kwa mkono unaotetemeka, na skuli nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuingia na simu. Mwalimu mkuu anaweza kutoa ruhusa maalumu kwa maandishi. Picha zilizochorwa kwenye kadi nazo hufaa, na hazitaki betri, lakini picha haimwiti mtu aliyegeuza mgongo. Kwa mwanafunzi kiziwi, lugha ya alama ndiyo lugha yake. Kisanduku hiki kitamsaidia kuwaita wanaosikia tu, na kisifanywe kisingizio cha kutomtafutia mwalimu wa alama.

Upande wa wajibu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja waziwazi katika Kifungu cha 24 wajibu wa kurahisisha kujifunza njia mbadala za mawasiliano maskulini. Wajibu huo upo kwa Bara na Zanzibar sawia, ijapokuwa elimu ya skuli husimamiwa na kila upande kwa wizara yake. Mtumishi anayepitisha hati ya malipo ya betri za kisanduku hiki hafanyi hisani, bali anatekeleza mkataba. Inafaa lisemwe hilo, maana vifaa vingi vya msaada, huku na kule, vimekufa kwa kukosa betri na wala si kwa kuharibika.

Masheha, kwa upande wao, wanawajua watoto walioko majumbani kuliko ofisi yoyote, na walimu wakuu hawana budi kuanzia kwao.

Lipo jambo la mwisho la utaratibu. Kifaa kikishapokelewa huandikwa katika daftari la mali, kikafungiwa kabatini pamoja na mpira na kengele, na ufunguo akabaki nao mtu mmoja. Skuli ikifungwa, mtoto hukaa mwezi mzima bila neno. Hicho si mali ya kabati. Kiandikwe kwa jina la mwanafunzi, kifungwe kwa mfuko wa nailoni wakati wa mvua, na siku ya kufunga skuli mzazi atie saini aondoke nacho pamoja na betri za akiba.